Mapazia ya Nyumbani: Kupata Mwanga Bila Kuonekana Ndani (Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara)

Majibu haya yanahusu nyumba za Dar es Salaam na miji ya pwani inayofanana nayo: madirisha ya alumini ya kuteleza au ya luva (vibao vya kioo vinavyogeuzwa kufungua na kufunga), nondo, wavu wa mbu, na jirani aliye hatua chache kutoka dirishani kwako. Vipimo vyote ni vya kawaida vya nyumba hizo. Pima vya kwako kabla ya kukata kitambaa.

Shela yangu inanificha vizuri mchana. Mbona usiku watu wa nje wananiona?

Shela, yaani pazia jembamba linalopitisha mwanga, inaficha kwa tofauti ya mwanga kati ya pande zake mbili. Mtu aliyesimama upande wenye mwanga mkali anaona kitambaa kinachong'aa, na macho yake hayafiki gizani nyuma yake. Mchana nje ndiko kwenye mwanga, kwa hiyo wewe unaona nje naye haoni ndani. Dar jua huzama kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni kutegemea mwezi. Ukishawasha taa baada ya hapo, pande zinabadilishana: sebule yako inaonekana kama duka lenye taa, na aliye barabarani anaona hadi rangi ya kochi.

Hakuna shela inayoponya hilo, hata ukinunua ya bei ya juu. Shela nzito inachelewesha tu. Usiku unahitaji kitu kingine nyuma au mbele yake: pazia zito, blaindi (pazia la vibao au la kuviringisha), au kioo cha ukungu.

Dukani jaribu hivi: washa tochi ya simu, iweke nyuma ya kitambaa, kisha weka mkono wako kati ya tochi na kitambaa, sentimita 30 hivi kutoka kwenye kitambaa. Ukiweza kuhesabu vidole, hiyo ni shela, muuzaji aiite jina lolote. Nyumbani, washa taa saa 2 usiku, mwache mtu sebuleni, halafu utoke nje usimame pale anapopita mpita njia. Watu wengi hawajawahi kuitazama nyumba yao kutoka hapo.

Ina maana kila dirisha liwe na mapazia mawili?

Hapana, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu anachagua rangi moja Kariakoo, anavisha madirisha yote saba seti inayofanana, kisha jikoni kunakuwa giza na chumba cha kulala bado kinaonekana. Kila dirisha liulizwe maswali yake: nani anaweza kulitazama, akiwa amesimama wapi, na jua linaingia saa ngapi? Dirisha linalotazamana na ukuta wa fensi wenye urefu wa mita 2 na nusu huenda likahitaji shela peke yake. La sebuleni linalotazama njia linahitaji shela na pazia zito. La stoo halihitaji kitu.

Nitajuaje dirisha lipi litapigwa na jua kali?

Mashariki na magharibi ndiko kwenye taabu, kwa kuwa jua la asubuhi na la alasiri huwa chini na kupita kirahisi chini ya upenu. La magharibi ni baya zaidi: linafika wakati nyumba imeshakusanya joto la kutwa nzima.

Kusini na kaskazini hupokezana. Dar iko karibu digrii 6.8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa 6 mchana hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena karibu na Oktoba 10. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba linaegemea kaskazini, na miezi iliyobaki linaegemea kusini. Lakini hata Juni, linapoegemea zaidi, adhuhuri bado liko juu digrii 60 hivi. Upenu uliotokeza sentimita 60 unatia kivuli kama mita moja ya ukuta chini yake. Desemba, upande wa kusini, jua liko juu zaidi na upenu uleule unafunika karibu mita mbili. Kwa hiyo dirisha la kaskazini au kusini lenye upenu wa kawaida linaweza kuvaa kitambaa chepesi mwaka mzima bila kukuunguza. Lile la magharibi liwekee kitu chenye mgongo mweupe.

Pazia zito linapunguza joto ndani?

Kidogo. Jua likishapita kwenye kioo, joto limeshaingia; pazia linalizuia lisifike kwenye kochi lakini lenyewe linapata moto na kuupasha chumba polepole. Linalosaidia ni lenye upande wa nyuma mweupe au wa fedha, kwa sababu linarudisha sehemu ya mwanga kupitia kioo kabla haujageuka joto. Lifunge kabla jua halijafika, yaani dirisha la magharibi saa 8 mchana, usisubiri saa 10 chumba kikiwa kimeshachemka. Pazia jeusi lisilo na bitana kwenye dirisha hilo ni sawa na kuning'iniza pasi.

Kinga ya kweli iko nje ya kioo: mti, kipande cha bati au turubai juu ya dirisha, au mkeka wa mianzi ulioning'inizwa barazani. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe Zanzibar na za Mombasa zilijua hili, ndiyo maana zina madirisha ya mbao yenye vibao vya mlalo vinavyozuia jua na macho huku vikipitisha upepo. Fundi seremala anayeweza kutengeneza hayo bado yupo, ila ni kazi ya gharama na mbao laini haidumu kwenye hewa ya chumvi.

Nataka mwanga sebuleni mchana kutwa, lakini dirisha liko kwenye njia ya watu. Nifanyeje?

Funika nusu ya chini tu. Hesabu yake ni hii. Sakafu ya nyumba nyingi imeinuliwa kama sentimita 45 juu ya ardhi ya nje. Mpita njia mrefu ana macho kwenye sentimita 160 hivi kutoka ardhini, yaani sentimita 115 juu ya sakafu yako. Kizingiti cha chini cha dirisha kiko sentimita 90. Ukiweka kitambaa kutoka hapo hadi sentimita 150, mtu aliye mita 3 kutoka dirishani analazimika kutazama kwa mshazari kwenda juu. Mita 2 ndani ya chumba mstari wa macho yake umeshafika sentimita 173. Ataona dari, feni na labda utosi wa mgeni mrefu. Waliokaa kwenye kochi hawaonekani kabisa, wakati nusu ya juu ya dirisha, ambayo ndiyo inayoleta mwanga wa anga hadi ndani ya chumba, imebaki wazi.

Hesabu hiyo inaharibika kwa mambo mawili. Kwanza, nyumba iliyo chini ya usawa wa barabara, kama nyingi za maeneo ya miteremko: hapo mpita njia anatazama kwenda chini na nusu pazia halisaidii. Pili, usiku. Nusu pazia ni la mchana. Juu yake weka bomba la pili lenye pazia la kuvuta jioni.

Tatizo langu ni jirani wa ghorofa. Yeye ananitazama kutoka juu.

Kwa yeye, kinyume chake: sehemu ya juu ya dirisha ndiyo inayomwonesha sakafu yako. Shela ndefu inatosha mchana. Ukitaka kuzuia kwa usahihi zaidi, blaindi ya vibao vya mlalo ndiyo inayofaa, mradi vibao vigeuzwe vizuri. Ukingo wa nje wa kila kibao ushuke, wa ndani uinuke. Macho yanayotoka juu yanagota kwenye vibao, jua halipigi moja kwa moja, na mwanga unaotoka ardhini unarushwa darini na kusambaa. Kama wewe ndiye unayekaa juu na watu wako chini, geuza: ukingo wa nje uinuke, wa ndani ushuke. Wengi hugeuza upande mmoja maisha yao yote kisha husema blaindi haifichi.

Dirisha la futi 5 kwa 4 linahitaji kitambaa mita ngapi?

Swali hili ndilo linalogharimu zaidi likijibiwa kwa kukisia, basi tulifanye lote.

Dirisha lina upana wa sentimita 150. Bomba lizidi sentimita 25 kila upande, kwa hiyo mita 2. Ili pazia liwe na marinda na lisionekane kama shuka lililoanikwa, upana wa kitambaa uwe mara 2 ya bomba kwa pazia zito, mara 2.5 kwa shela. Pazia zito: mita 4, ongeza sentimita 20 za pindo za pembeni (vipande viwili, pindo nne za sentimita 5). Jumla mita 4.2. Shela: mita 5, na pindo inakuwa 5.2.

Urefu: kutoka juu ya ringi (matundu ya juu ya pazia yanayopitishwa bomba) hadi sentimita moja au mbili kabla ya sakafu, tuseme mita 2.3. Ongeza sentimita 10 za kukunja juu na 15 za pindo la chini. Unapata mita 2.55.

Sasa angalia upana wa jora. Vitambaa vya mapazia huja kwa upana wa aina mbili hasa. Jora la upana wa mita 2.8 hugeuzwa: upana wake unakuwa urefu wa pazia. Kwa kuwa 2.55 inaingia ndani ya 2.8, unanunua mita 4.2 tu, bila kiungo katikati. Jora la mita 1.5 linahitaji kugawanya 4.2 kwa 1.5, unapata 2.8, yaani vipande 3; mara mita 2.55 kila kimoja, mita 7.65. Ndiyo maana kitambaa cha jora jembamba kinachoonekana rahisi kwa mita kinaweza kuishia kuwa ghali kwa dirisha.

Kama kuna maua au mistari ya kulinganisha, kila kipande kinapandishwa hadi mwisho wa mrudio unaofuata. Ua likijirudia kila sentimita 60, ile 2.55 inakuwa mita 3, na vipande vitatu vinafika mita 9. Mwambie fundi cherehani akate kila kipande kikianzia sehemu ileile ya ua, na ile nusu ya kipande cha tatu aiweke upande wa ukutani, si katikati ambako kiungo kitaonekana.

Pamba hunywea ikifuliwa, hata sentimita 3 hadi 5 kwa kila mita. Iloweke na kuianika kabla ya kukata. Poliesta haihitaji.

Ringi, tepu ya kulabu, au waya wa springi?

Ringi kubwa za kupachika kwenye kitambaa ndizo zilizoenea na zinavutika kirahisi. Idadi yake kwa kila kipande iwe shufwa, ili kingo zote mbili zielekee ukutani. Ikiwa witiri, ukingo mmoja utabaki umechomoza mbele na utaupigapiga kila siku bila kujua kwa nini haukai. Nafasi kati ya ringi na ringi iwe sentimita 15 hivi. Kwenye mfano wa juu wa jora jembamba, kila upande una upana wa kama mita 2.1 baada ya kushonwa, hivyo ringi 14 kila upande, 28 jumla. Tundu la ringi lizidi unene wa bomba kwa sentimita 1 angalau: bomba la milimita 28 na ringi ya milimita 40. Kumbuka kwamba ringi huacha mwanya juu ambao mwanga hupenya. Kwa chumba cha kulala cha giza, tepu ya kulabu (utepe unaoshonwa juu ya pazia na kutiwa kulabu) ni bora.

Waya wa springi uliovikwa plastiki ni wa shela, nusu pazia na pazia la mlangoni tu. Kosa la kawaida ni kuukata sawasawa na upana wa dirisha, ukalegea katikati ndani ya wiki. Ukate pungufu kwa sentimita 5 hadi 8 kwenye dirisha la mita 1.5, halafu uuvute hadi kwenye kulabu. Ukiona bado unalegea baada ya kuvisha kitambaa, punguza sentimita 2 nyingine. Usiuvishe pazia zito. Utang'oa kulabu na plasta yake.

Bomba lifungwe wapi, na kwa nini la kwangu limeng'oka?

Kwa kawaida limeng'oka kwa sababu skrubu ilishika plasta peke yake. Plasta ina unene wa sentimita moja na nusu hadi mbili, na nyingi ina mchanga mwingi. Skrubu lazima ipite ipate tofali au zege.

Weka mabano sentimita 15 hadi 20 juu ya dirisha. Hapo mara nyingi utakuta linta, yaani boriti ya zege juu ya dirisha: inashika vizuri ila dirili ya kawaida haiingii, tumia ya kugonga, na biti ya zege ya milimita 8 kwa plagi ya plastiki ya milimita 8 inayoshika skrubu. Toboa kina cha sentimita 6, pembe mraba na ukuta. Toa vumbi lote kwa kupuliza au kwa brashi nyembamba, kwa sababu plagi iliyokaa juu ya vumbi huzunguka na skrubu haikazi. Gonga plagi hadi iwe sawa na ukuta, kisha kaza skrubu ya sentimita 5. Ukigonga nondo ya linta, biti itapiga kelele na kuacha kuingia. Sogea sentimita 3, usilazimishe.

Bomba linalozidi mita 1.8 liwe na bano la tatu katikati. Kwa shela na pazia zito pamoja, nunua mabano ya mabomba mawili: la nyuma sentimita 8 hivi kutoka ukutani, la mbele 16. Kama dirisha ni la luva, pima kwanza mkono wa luva umechomoza kiasi gani. Shela ikisugua hapo itatoboka ndani ya miezi michache.

Karibu na bahari, bomba la chuma lililopakwa kromu huanza kutoa madoa ya kutu, na kutu hiyo huhamia kwenye kitambaa. Alumini au mbao iliyopigwa vanishi inadumu.

Nina dari ya jipsamu yenye boksi la pazia. Naweza kufunga reli darini?

Ndiyo, kama juu ya jipsamu kuna ubao au chuma cha kushikia. Jipsamu yenyewe haibebi pazia linalovutwa kila siku. Gongagonga kusikiliza palipo pagumu, au muulize aliyepiga dari. Kama hakuna, funga reli kwenye ukuta wa nyuma wa boksi kwa mabano. Boksi lina faida moja kubwa: linaziba mwanga wa juu.

Bafuni na chooni niweke nini?

Stika ya ukungu kwenye kioo. Inaficha mchana na usiku, haishiki unyevu, na mwanga unaingia karibu wote. Angalizo ni moja: aliyesimama sentimita chache kutoka kwenye kioo usiku anaonekana kama kivuli, kwa hiyo taa isiwe nyuma ya mtu anayeoga.

Kuibandika:

1. Osha kioo kwa maji na sabuni, kwangua rangi na saruji kwa wembe, kausha.
2. Kata stika izidi kioo kwa sentimita 2 kila upande.
3. Nyunyizia kioo maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo hadi kiwe chepechepe. Bandua karatasi ya nyuma ya stika na unyunyizie pia upande wa gundi.
4. Iweke, itelezeshe hadi ikae sawa, kisha kamua maji kutoka katikati kwenda pembeni kwa kadi ngumu iliyofungwa kitambaa.
5. Kata kingo ukiacha mwanya wa milimita 1 au 2 kutoka kwenye fremu. Ikigusa raba ya fremu itabanduka.

Ukungu mdogo wa maji ukibaki hukauka kwa siku kadhaa. Uvimbe wenye punje katikati ni vumbi, na huo hauondoki. Stika haishiki kwenye kioo chenye maua au mikwaruzo. Hicho kwanza kinaficha chenyewe. Kwa madirisha ya luva, kila kioo kinabandikwa peke yake, na luva zikifunguliwa faragha inaondoka: hapo ongeza nusu pazia la nailoni.

Na vioo vya tinti au vya kujitazama?

Vinafanya kazi kama shela: mchana tu. Usiku wewe unajitazama, na wa nje anakutazama. Pia vinapunguza mwanga wa chumba muda wote, hata siku ya mawingu ya masika unapouhitaji. Stika nyeusi sana hunyonya joto, na kioo ambacho nusu yake iko juani na nusu kivulini hupanuka bila kulingana na kinaweza kupasuka kuanzia ukingoni. Kwa dirisha la magharibi, ya kuakisi ni salama zaidi kuliko nyeusi.

Blaindi za kuviringisha zina maana kwa nyumba zetu?

Zina maana kwenye madirisha madogo, ofisi ya nyumbani, na mahali ambapo kitanda au meza imesogea ukutani. Za matundu madogo huuzwa kwa asilimia ya uwazi. Asilimia 5 ni ya katikati: unaona nje, mng'ao wa jua unapungua. Asilimia 1 inaficha zaidi, 10 inaonesha zaidi. Rangi inashangaza wengi: nyeusi ndiyo inayokuonesha nje vizuri, nyeupe inasambaza mwanga zaidi lakini mandhari yanakuwa na ukungu. Usiku zote zinageuka kama shela.

Kasoro yake pwani ni upepo. Blaindi iliyoshushwa mbele ya dirisha lililofunguliwa hupigapiga kama tanga, na mwisho mirija yake inachoka. Blaindi ya vibao nayo inakusanya vumbi. Kando ya barabara ya vumbi utafuta vibao 40 au 50 kwa dirisha, kimoja kimoja. Usiiweke jikoni: mafuta na vumbi vikichanganyika vinakuwa gundi.

Jikoni je?

Kitambaa kifupi cha nusu dirisha kinachovulika na kufuliwa kila wiki, au stika ya ukungu. Karibu na jiko la gesi au la mkaa hakuna kitambaa kinachoning'inia, hasa kama dirisha liko wazi na upepo unakivuta kuelekea motoni.

Nafanya kazi usiku na kulala mchana. Nawezaje kupata giza bila kukosa hewa?

Giza kamili na hewa kamili havipatikani pamoja, lakini unaweza kukaribia. Kitambaa cha giza chenye tabaka la nyuma kinazuia mwanga. Unaobaki unapita pembeni, juu na katikati. Bomba lizidi dirisha kwa sentimita 20 kila upande na lipinde kurudi ukutani mwishoni. Vipande vipishane sentimita 10 katikati. Juu, weka boksi au ubao.

Kwa hewa, acha sentimita 15 chini ya pazia kama liko mbali na macho, elekeza feni ivute kutoka huko, na fungua mlango wa ndani ili hewa iwe na pa kutokea. Dirisha moja lililofunguliwa bila njia ya kutokea halileti upepo hata likiwa kubwa.

Pazia linazuia upepo wa dirisha la kuteleza. Kuna ujanja?

Dirisha la kuteleza hufunguka nusu tu, na wavu wa mbu kwa kawaida uko upande mmoja. Usigawanye pazia katikati kwa mazoea. Tengeneza kipande kimoja kinachokusanyika upande wa kioo kisichofunguliwa, ili upande wa wavu ubaki huru. Badiliko hili halina gharama yoyote kwa fundi. Na safisha wavu: ulioziba vumbi huzuia upepo kuliko shela.

Pazia la mlango wa sebuleni linapeperuka na kuonesha ndani.

Hilo ni muhimu, kwa sababu ndilo linalokuruhusu kuacha mlango wazi kutwa. Liwe mara 1.5 hadi 2 ya upana wa mlango, liishie sentimita 4 au 5 juu ya sakafu, na pindo la chini lishonewe uzito: mnyororo mdogo wa madini ya risasi, au sarafu nne zilizoshonwa kwenye vifuko pembeni na katikati. Kaskazi ikivuma, kitambaa chepesi cha satini hakishindi bila uzito. Kitenge kizito au kitani kinatulia chenyewe.

Mimi ni mpangaji na mwenye nyumba hataki matundu.

Tumia bomba la kubana lenye springi ndani, linalokaa kati ya kuta mbili za dirisha. Linafaa hadi mita 1.2 na kwa kitambaa chepesi. Bandika kipande cha raba kila ncha ili rangi isikwanguke. Njia nyingine ni kufunga waya wa springi kwenye nondo kama nondo ziko ndani ya kioo. Stika ya ukungu nayo hubanduka bila alama ukiipasha moto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele.

Kamba za blaindi ni hatari kwa watoto?

Ndiyo. Kitanzi cha kamba kinaweza kumnyonga mtoto mdogo haraka na bila sauti. Marekani, kiwango kilichoanza kutumika Desemba 2018 kinataka blaindi zinazouzwa zikiwa tayari dukani zisiwe na kamba, au kamba zake zisifikike. Zinazoingizwa nchini zinatoka sehemu nyingi na nyingi bado zina kitanzi. Funga kishikio cha kukaza kamba ukutani, au izungushie ndoano iliyo juu ya mita 1.5 kutoka sakafuni. Kitanda na kochi visikae chini ya dirisha hilo.

Nifue mara ngapi, na vipi?

Shela kando ya barabara ya vumbi: kila miezi miwili. Pazia zito: mara mbili kwa mwaka, katikati ulikung'ute nje. Loweka shela kwenye maji ya baridi yenye sabuni, usisugue, usikamue, itundike ikiwa bado inachuruzika. Uzito wa maji utainyoosha bila pasi. Dawa za kung'arisha zenye klorini huchosha nyuzi na kutoboa lasi. Kitambaa cha giza kisisokotwe kwenye mashine. Tabaka la nyuma likivunjika linaacha vitone vya mwanga kama nyota, na hakuna wa kulishona. Likifute kwa kitambaa chenye maji.

Madoa meusi ya ukungu kwenye pindo yanatokana na kitambaa kugusa kioo au ukuta wenye maji, hasa masika. Sogeza bomba mbele au pandisha pindo.

Pazia limefuliwa na limekuwa fupi. Nifanye nini?

Likipungua sentimita 3 au 4, fungua pindo la chini. Ndiyo sababu ya zile sentimita 15. Zaidi ya hapo, mwambie fundi aongeze mkanda wa kitambaa kingine chini, upana wa sentimita 20 angalau ili uonekane umekusudiwa, na ashone mkanda wa rangi hiyohiyo kwenye mito ya kochi. Kushusha bomba ni suluhisho la mwisho, maana utaacha matundu mawili ukutani na mwanya wa mwanga juu ya dirisha.